Mashine ya Ng'ambo ya Barabara

Gobardhan Meher alifuma sari tangu ndevu hazijamwota, miguu imo shimoni chini ya mtambo wa kufumia, mgongo umepinda, na magoti yake yakaja kumlipa kama yanavyowalipa wafumaji wote wa Tentulipada. Ndiyo maana binti yake Kuntala alipofaulu masomo ya sekondari, mzee hakuwa na maneno mengi.

"Mwanangu namtakia kitu kimoja tu," aliwaambia majirani. "Kazi ya kukalia kiti."

Kuntala akaenda mji wa Cuttack kusomea upigaji picha za eksirei. Majirani nao wakapata la kusema. Mionzi itamkausha tumbo, walisema. Nani atamwoa mwanamke anayewaona watu mpaka mifupa? Na kweli, posa ya kwanza ilipokuja, mama wa kijana aliuliza binti anasomea nini, akajibiwa, na chai yake ikabaki nusu kikombe. Ya pili ikawa vilevile. Kuntala alizisimulia posa hizo kwa kicheko, akimwigiza yule mama alivyokusanya pindo la sari na kutoka kama aliyeona nyoka. Alikuwa mtu wa kucheka. Hasira alijifunza ukubwani, na aliyemfundisha ni hospitali ya serikali.

Aliporudi na cheti chake, hospitali ile ilikuwa na mashine ya eksirei lakini haikuwa na wa kuiendesha. Mzee aliyekuwepo alistaafu, na nafasi yake ikabaki wazi. Kuntala akaenda kuuliza.

"Tangazo la ajira linakuja," karani akamwambia bila kuinua macho.

Mwaka ukapita, akaenda tena.

"Liko njiani."

Lazima lilikuwa linakuja kwa miguu tangazo hilo, maana miaka iliyofuata nayo lilikuwa njiani. Na mtu hawezi kula tangazo. Kuntala akaajiriwa na Debendra Padhi, mtu mnene mwenye sauti ya asali, aliyekuwa na duka la eksirei mkabala kabisa na lango la hospitali, ng'ambo ya barabara kuu. Mke wa Padhi alikuwa dada wa tumbo moja na Daktari Satpathy, Mganga Mkuu wa hospitali hiyo hiyo. Mjini kila mtu alijua. Lilikuwa jambo la kujulikana tu, kama unavyojua mvua itanyesha mwezi wa saba. Hakuna aliyekaa akalipigia hesabu.

Kuntala alilipigia hesabu, kwa sababu yeye ndiye aliyewapokea. Mgonjwa alionwa na daktari wa serikali bure, akaandikiwa picha, kisha mlinzi akamwonyesha kidole: vuka barabara. Wakavuka. Wenye kifua walivuka wakikohoa. Waliovunjika miguu walivushwa juu ya vitanda vya kamba, ndugu wanne mabegani, malori ya makaa yakipiga honi na kuwatimulia vumbi usoni. Siku moja wabebaji walikatizwa na lori katikati ya barabara, wakalazimika kukitua kitanda palepale kwenye lami, mgonjwa akilia kwa jina la mama yake, na dereva akachungulia dirishani akawatukana kwamba wanaziba njia. Kuntala alitoka mbio, akashika mguu mmoja wa kitanda.

"Kaka Debendra," alimwambia tajiri wake kesho yake, "ile mashine ya serikali itapata mtu lini?"

Padhi alicheka, tumbo likacheza. "Binti, na wewe unauliza kisima cha jirani kitajaa lini? Chota hapa."

Hatimaye tangazo likafika. Lilibandikwa ubaoni: hospitali inatafuta mpiga picha za eksirei mmoja na mpimaji macho mmoja, waje na vyeti halisi. Kuntala alilisoma akarudi dukani uso umemng'aa. Padhi alikuwa ameshajua.

"Usijisumbue," akasema, sauti ile ile ya asali. "Nafasi ile ina mwenyewe."

"Mwenyewe nani? Tangazo ni la jana."

"Nakuambia kama mdogo wangu. Utapoteza siku bure."

Alikwenda. Siku ya usaili veranda ya hospitali ilijaa vijana waliochana nywele vizuri, mikoba ya vyeti mapajani. Wengine walisafiri na treni ya usiku kutoka pwani. Walikaa asubuhi, wakakaa mchana, jua likawafuata mpaka ukutani. Jioni karani akatoka akasema Mganga Mkuu ana udhuru. Watatangaziwa siku nyingine. Hakuna pole, hakuna hata maji. Binti mmoja aliyetoka mbali alianza kulia kimyakimya, kwa kuwa treni ya kurudi ilikuwa imekwisha kuondoka.

Hapo ndipo Kuntala alipomjua Loknath Putel. Alikuwa mpimaji macho, mwembamba, mzaha haumwishi mdomoni, na alikuwa amebeba sanduku lake la vioo vya kupimia kama mtu aliyebeba maandazi ya harusi.

"Dada," akamwambia, "serikali yetu haioni mbali. Ningeipima, lakini imetoka."

Kuntala akacheka, akamchukua yule binti wa mbali kwao kulala, na mama yake akawapakulia wote wali baridi uliolowekwa maji na boga la kukaanga.

Safari ya pili usaili ulifanyika kweli. Veranda ilikuwa imepungua nusu. Wa mbali hawakuweza kurudi. Ndani walikaa wanaume watatu. Katikati Daktari Satpathy, kulia ofisa kutoka makao ya wilaya, na kushoto mzee mmoja aliyekuwa akisinzia. Kuntala alikuwa amejiandaa wiki nzima. Alirudia kichwani pembe za kupigia uti wa mgongo, kinga ya mama mjamzito, jinsi ya kumtuliza mtoto asiyekaa kimya.

"Umeolewa?" Daktari Satpathy akauliza.

"Bado, daktari."

"Mbona bado? Umri unakwenda."

Kuntala akaweka vyeti vyake mezani.

"Ukiolewa mumeo akikukataza, si utatuachia mashine?"

"Nimeshika kazi hii miaka yote, daktari. Sitaiacha."

"Baba anafanya nini?"

"Anafuma."

"Oho!" ofisa wa wilaya akachangamka. "Sari zenu nzuri sana. Mke wangu anazipenda mno zile za ndege pembeni." Wakacheka watatu, hata yule wa usingizi. Kisha daktari akafunga faili. "Haya. Unaweza kwenda."

Kuntala hakuinuka. "Samahani, waheshimiwa. Hamjaniuliza kitu juu ya eksirei."

"Vyeti tumeviona," Satpathy akasema, na macho yake yalikuwa mlangoni kwa mtu mwingine.

Loknath naye alipotoka alishindwa kujizuia. "Mimi wameniambia nisome kalenda iliyo ukutani! Wamenipima macho *mimi*! Nimewaambia kalenda yenyewe ni ya mwaka juzi."

Matokeo yalipobandikwa, Loknath alikuwa amepata. Nafasi ya macho haikuwa na wa kuigombania. Miwani ya wazee wa vijijini haina ulaji. Nafasi ya eksirei alipewa Chinmay Padhi, mtoto wa kaka yake Debendra.

Kuntala alisimama mbele ya ubao akalisoma jina lile mpaka herufi zikapoteza maana. Kushindwa angekubali. Wenzake wa kushindana nao walikuwa wengi, na wengine hodari. Lakini aliona kwamba hakushindanishwa na mtu. Waliitwa wote, na yule binti aliyelala kwao, na wale wa treni, waje kuwa mapambo ya harusi ambayo bwana na bibi walishachaguana.

Chinmay hakuwa mjinga, tusimsingizie. Alikuwa na cheti chake, na kazi aliijua. Ila alikuja asubuhi, akatia sahihi, akatundika koti lake jeupe juu ya mkono wa mashine ya serikali, akaifunika shuka, kisha akavuka barabara. Akaja dukani kwa baba yake mdogo kuandika majina ya wagonjwa. Ndiyo, dukani palepale. Mtu aliyepewa kazi ya Kuntala alikaa hatua chache kutoka kwa Kuntala, akilipwa na serikali kwa kuwaleta wagonjwa wa serikali kwa Padhi.

"Dada Kuntala, huyu kifua," alikuwa akiita kwa uchangamfu. "Dada Kuntala, huyu nyonga."

"Na mashine ya kule?" alimwuliza siku ya kwanza.

"Mbovu, dada. Tumeandika barua."

Loknath ndiye aliyemfungulia macho. Chumba chake kilipakana na chumba cha eksirei, na waya wa umeme ulikuwa mmoja. Mchana mmoja alipita dukani akajifanya anauliza bei ya betri.

"Fundi amekuja kukagua mashine leo," akamnong'oneza. "Ameiwasha mbele yangu. Inaunguruma kama paka aliyeshiba. Haina hata mkwaruzo."

"Una hakika?"

"Nimeona kwa macho yangu, na macho yangu yamepimwa na jopo la watu watatu."

Safari hii Kuntala hakucheka.

Msimu wa maua ya mti wa mahua, yanayoliwa na kuuzwa, wakati wanawake wa milimani wanapoamka alfajiri kwenda kuyaokota, bibi mmoja aitwaye Ukia Bariha aliteleza kwenye jabali akaanguka kwa ubavu. Mwanawe Tularam na wanaume wa kijiji walimbeba kwa kitanda cha kamba kutwa nzima mpaka hospitali. Daktari wa zamu alimwona, akaandika picha ya nyonga. Chinmay, aliyekuwa amerudi kuchukua wagonjwa, akatoka na tabasamu lake, akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara.

Kuntala alikuwa amevuka mpaka hospitali kuwapokea, kama ilivyokuwa desturi kwa wagonjwa wazito. Bibi Ukia alikuwa amelala verandani, mdogo kama mtoto, mkavu, michoro ya kale ya kuchanjwa mkononi, mdomo haujaumia hata kidogo.

"Wewe ndiye wa picha?" akauliza.

"Ndimi, bibi. Tutakuvusha taratibu."

"Nivushwe niende wapi?"

"Hapo ng'ambo, bibi."

"Na humu ndani mna nini?" Bibi alielekeza kidevu kwenye mlango uliokuwa juu ya kichwa chake. Ulikuwa na picha ya mifupa ya mkono, na hata asiyesoma angejua.

Chinmay akawahi. "Mbovu hiyo, bibi. Mbovu kabisa."

"Sijakuuliza wewe, mwenye meno mazuri. Namwuliza mwanamke huyu. Binti, mna nini humu?"

Kuntala alitazama barabara. Lori lilipita. Ng'ambo Padhi alikuwa amesimama mlangoni mwa duka, mikono kiunoni, akingoja.

"Mna mashine, bibi," akasema. "Ni ya serikali. Ni nzima. Ni bure."

"Nzima?"

"Nzima."

"Basi mimi siendi popote," bibi akasema, akafumba macho. "Nimeshuka mlima mzima. Barabara sivuki."

Tularam aliinama. "Mama, maumivu yatakuzidi. Twende tu, tumezoea."

"Nani kazoea? Wewe? Mimi ndiye niliyevunjika, na mimi sijazoea."

Wagonjwa waliokuwa wakingoja wakaanza kusogea. Muuza bisi za mchele akaweka kapu lake chini. Padhi aliona mambo yanaharibika, akavuka barabara mwenyewe, akihema.

"Kuntala! Nani kakutuma useme maneno hayo? Hebu mchukue mama wa watu, usimtese!"

Na hapo sauti iliyokuwa imekaa kifuani mwa Kuntala tangu siku ya usaili ikatoka, na ilitoka kubwa kuliko alivyotarajia mwenyewe.

"Mimi ndiye ninayemtesa? Mimi? Mmeifunika mashine shuka kama maiti, ilhali haijafa! Mmeajiri mtu asifanye kazi! Mmetuita kutoka kila pembe tukae kwenye jua, mkatuuliza habari za ndoa na sari, mkijua mmeshamweka mtoto wenu! Mwambie huyu bibi kwa mdomo wako, kaka Debendra: kwa nini avuke?"

"Umefukuzwa kazi!" Padhi akafoka. Asali ilikuwa imekwisha. "Leo leo!"

"Nimesikia. Sasa mjibu bibi."

Daktari Satpathy akatoka ofisini kwa zile kelele. Alitaka kujua kuna nini, na watu hamsini wakamjibu kwa pamoja. Akainua mkono.

"Jamani, mashine haiwezi kutumika, mtaalamu hayupo."

"Si huyu hapa!" muuza bisi akapiga kelele, akamsukuma Chinmay mbele. "Koti lake li ndani, linapigwa picha!"

Watu wakaangua kicheko, lakini hakikuwa kicheko cha furaha, na daktari alikielewa. Loknath alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake.

"Daktari," akasema kwa adabu zote, "fundi aliiwasha juzi, nami nilikuwepo. Ukitaka nitawasha taa ya ukutani uone umeme upo, waya wetu mmoja."

Satpathy akamtazama kwa jicho la kumkumbuka baadaye. Kisha akamwambia Chinmay, kwa sauti ya chini, "Mpige picha."

Wakamwingiza Bibi Ukia. Kuntala hakuingia, hakuwa mwajiriwa pale. Alisimama nje pamoja na wengine. Wakasikia shuka ikivutwa. Wakasikia kitufe, kisha mngurumo mwororo, kisha sauti ya Chinmay ikitetemeka kidogo: "Usijitikise, bibi." Na ikawa imekwisha. Muda wa kunywa maji tu.

Mtu angedhani watashangilia, lakini walikuwa wakitazama mlango, na kila mmoja alionekana anamkumbuka mtu wake. Tularam ndiye aliyesema kwanza, na hakumsemesha mtu yeyote hasa.

"Baba tulimvusha. Kiangazi kile. Tuliuza ng'ombe wa kulimia tukamvusha, akafia kwenye benchi pale ng'ambo akingoja zamu." Akaunyooshea mlango kidole. "Na hii ilikuwa humu. Ilikuwa humu humu."

Ndipo ghasia zikaanza. Kama mashine ingekuwa mbovu kweli, wangeguna wakaondoka. Wamezoea vitu vibovu. Kilichowatia wazimu ni kwamba ilikuwa nzima. Wanawake walimzunguka Satpathy wakimtajia majina ya wafu wao. Mtu alirusha ndala, ikampata Padhi begani, naye akavuka barabara mbio bila kutazama malori. Kuanzia siku hiyo hakuna mgonjwa aliyekubali kuvuka. Ukimnyooshea kidole alikaa chini mlangoni, akasema, "Mimi naingia alipoingia Bibi Ukia."

Mkuu wa wilaya alituma watu kuchunguza. Walihoji, wakanywa chai, wakaondoka. Daktari Satpathy alihamishwa kwenda hospitali kubwa zaidi, na waliosikia wanasema huko kapandishwa cheo. Chinmay alibaki na kazi yake. Hata hivyo sasa alilazimika kuifanya, kutwa nzima, foleni ikimwangalia. Duka la Padhi lilipungua wateja mpaka likafungwa. Bibi Ukia alipelekwa mji mkubwa akawekewa chuma kwenye nyonga, akarudi mlimani na fimbo na mdomo wake.

Na Kuntala? Miezi kadhaa baadaye nafasi ya pili ya eksirei ilitangazwa pale pale, kwa sababu foleni ilimshinda mtu mmoja. Watu wa Tentulipada walimpongeza njiani kama vile keshapata. Karani alipokea vyeti vyake, akatazama tarehe ya kuzaliwa, akavisukuma nyuma.

"Umri umepita, dada."

"Umepita nikiwa nangoja tangazo lenu!" Kuntala akasema. "Mlikuwa mkiniambia liko njiani."

"Kanuni ndiyo hiyo. Mimi nifanyeje?"

Alitoka bila kuaga. Nyumbani baba yake alimwambia anyamaze, amwachie Mungu. Ameshasaidia watu, inatosha. "Haitoshi," Kuntala akajibu, na ilikuwa mara ya kwanza kumjibu hivyo. "Wao wamepata haki yao, nami nimefurahi. Yangu iko wapi? Kwa nini nikidai yangu naambiwa nina roho ndogo?" Mama yake aliyekuwa akichambua dengu alisema tu, "Mwache aseme. Kweli tupu hiyo."

Baadaye alisikia kwamba kuna hospitali ya misheni kusini, kule kwenye milima ya Wakondh, inatafuta mtu. Alikwenda bila matumaini, amechoka na mabasi. Akapokelewa na mtawa mzee kutoka jimbo la Kerala, Sista Annamma, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Sista hakuuliza umri wala mume wala baba.

"Mama mjamzito kaanguka, mguu umevimba, daktari anataka picha," akasema. "Unafanyaje?"

Kuntala akamweleza. Kwanza angemwuliza daktari kama haiwezekani kungoja, kisha tumbo lifunikwe kwa aproni ya madini ya risasi, mwale ubanwe uishie kwenye mguu tu, picha ziwe chache kadiri iwezekanavyo. Sista akauliza la pili, na la tatu. Kisha akasema, "Vizuri. Jumatatu unaweza kuanza?"

"Naweza."

"Basi njoo ule. Leo kuna samaki."

Alimwomba sista amtangulie kidogo. Akazunguka nyuma ya jengo, kwenye kamba za mashuka yaliyofuliwa, na hapo machozi yakamtoka. Mfuaji mmoja alimwona, akamwuliza kama amekosa kazi.

"Nimepata," Kuntala akasema.

"Sasa unalia nini, dada?"

"Nina hasira," akajibu, akijifuta uso kwa pindo la sari. "Maswali matatu, dada yangu. Matatu tu! Kwani kule kwetu yangewagharimu nini?"

Mfuaji hakuelewa, lakini alimpa kona ya shuka, akamwambia amsaidie kuikunja, na wakaikunja pamoja kabla ya kwenda kula.